Mikoko Yetu ni Amana: Somo kwa Wanafunzi na Wazazi

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote njema ni zake Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, vya nchi kavu na vya baharini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Somo la mwaka huu nimelitoa katika swali la mwanafunzi mmoja wa darasa la tano. Tulikuwa tunasoma hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo inatufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi huandikiwa swadaqa. Tulikuwa tumetoka kupanda mikoko miezi michache kabla, kwa hivyo darasa lilichangamka. Somo lilipokwisha, mwanafunzi huyu alibaki nyuma akikunja mkeka taratibu, mpaka wenzake wote wakatoka. Ndipo akaniuliza: "Maalim, kama kupanda ni swadaqa, anayekata je? Baba yangu hukata boriti. Tunakula haramu?"

Nilikuwa na haraka, adhana ya Magharibi imekaribia. Nikamjibu kwa neno moja: ndiyo, kukata mikoko ni haramu, mwambie baba atafute kazi nyingine.

Hilo ndilo jibu ninalolijutia katika miaka yangu yote ya kusomesha. Mtoto hakuja madrasa wiki nzima. Siku ya nane alikuja baba yake. Alinisalimu vizuri, akavua viatu, akakaa. Kisha akasema: "Maalim, hebu tazama juu."

Nikatazama.

"Hilo paa limebebwa na nini?"

Nikasema, boriti.

"Ni korja tatu hizo. Nilizikata mimi na marehemu baba yangu, tukazileta hapa bila kuchukua hata thumni. Siku ile mlituombea dua. Leo mwanangu amekataa kula chakula changu."

Sikuwa na la kusema ila kumwambia, "Mzee wangu, niwie radhi." Kwa wasiojua, korja ni boriti 20. Yaani watoto wetu husoma Qur'an chini ya miti 60 aliyoikata mtu yule niliyemhukumu kwa neno moja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza wanaojua zaidi yangu, na haya mnayoyasoma ndiyo jibu ambalo ningepaswa kumpa mwanafunzi wangu.

Kwanza, tuijue mikoko yenyewe

Mtu hawezi kulinda asichokijua. Watoto wetu wengi wanaozaliwa pwani huita kila mti wa majini "mkoko". Wazee wetu walikuwa na jina la kila mmoja, na kila jina lina kazi yake. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi inayoshuka kutoka juu kama miguu ya buibui, nao ndio unaotoa boriti nzuri. Mkandaa ni mwembamba, gome lake hutoa rangi ya kutia ngozi na nyavu. Mchu ndio ule unaochomoza mizizi myembamba kutoka kwenye tope, iliyosimama kama penseli, ili upate kuvuta pumzi maji yanapopwa. Mlilana hupenda kukaa mbele kabisa, uso kwa uso na bahari, na mafundi wa vyombo huutumia kwa mataruma. Kuna muia, kuna mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo, na mingineyo. Kwa jumla Kenya ina aina tisa.

Allah (S.W.) ameumba jambo la ajabu katika mkoko na mkandaa. Mbegu yake haianguki ikiwa mbegu tu kama embe. Huota ingali juu ya mti wa mama yake, ikarefuka kama mshumaa wa kijani, ndipo ikaanguka ikiwa tayari ni mche. Ikidondokea topeni husimama. Maji yakiwa yamejaa huelea mpaka ipate pahali pake.

Chini ya mizizi ile ndipo wanapokulia kamba, kaa, na samaki wengi wadogo kabla hawajatoka nje. Mvuvi anayevua mbali kwenye mwamba anakula riziki iliyolelewa kwenye mikoko. Na tope lile jeusi tunaloliona chafu limehifadhi hewa ya ukaa kwa miaka mingi sana, nyingi kuliko iliyomo katika miti yenyewe. Mti ukikatwa na tope likafukuliwa, hewa ile hurudi juu, na kuongeza joto la dunia.

Tena mikoko huzuia mawimbi yasile nchi kavu. Lakini yenyewe nayo hutegemea nchi kavu. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashambani mpaka kwenye hori la Mwache, upande wa magharibi wa Mombasa, udongo ukaifunika mizizi, na mikoko mingi ikafa imesimama bila ya kuguswa na shoka. Kwa hiyo anayekata miti ya bara juu ya mto anaikata mikoko pia.

Upandaji wetu ulioharibika

Nimesema tulipanda. Niseme na yaliyotokea, kwa kuwa mwalimu asiyesema makosa yake huwafundisha wanafunzi kuyaficha yao.

Ilikuwa mwezi wa Rajab. Walikuja wageni na miche 300, pamoja na kitambaa kikubwa chenye maandishi na mpiga picha. Watoto wetu walivaa kanzu na mabuibui safi, tukashuka pwani, pahali palipo wazi penye mchanga, pazuri kwa picha. Tukasoma dua, tukapanda kwa saa moja, tukanywa soda, tukarudi. Watoto watatu, Allah awahifadhi, waliipanda miche yao kichwa chini. Hakuna aliyewaona, hata mimi.

Mfunguo Mosi, baada ya Idi, tulikwenda kuhesabu. Ilikuwa imebaki 17. Mingine mawimbi yaliing'oa, mingine ilifukiwa na mchanga, mingine ilizongwa na mwani mpaka ikalala.

Baba wa yule mwanafunzi, tulipokwisha kupatana, nilimwomba anifuate pale pwani aniambie kosa letu. Hakuchukua hata dakika mbili. Alisema, "Maalim, hapa babu yangu hakupata kuona mkoko. Mbona nyinyi mlitaka kuuona?" Kisha akanionyesha kwa kidole: mlilana pale mbele, mkoko kandokando ya hori kwenye tope laini, mkandaa nyuma yake, na mchu juu kabisa ambako maji hufika siku chache tu za mwezi. Kila mti una pahali ulipopangiwa. Sisi tulichagua pahali kwa ajili ya picha.

Ndipo nilipofahamu kwamba nia njema bila ya elimu ilitupotezea miche 283. Na elimu yenyewe ilikuwa kwa mtu niliyemwita mla haramu.

Dini inasema nini

Tuanze na msingi. Katika Suratul Baqarah, aya ya 30, Allah (S.W.) aliwajulisha Malaika kwamba atamweka khalifa katika ardhi. Khalifa si mwenye mali. Ni mtu aliyekabidhiwa, na aliyekabidhiwa ataulizwa. Katika Suratul Ahzab, aya ya 72, tunafahamishwa juu ya amana ambayo mbingu, ardhi na majabali viliogopa kuibeba, mwanadamu akaibeba. Na Suratur Rum, aya ya 41, inatueleza kuwa ufisadi hudhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale yaliyotendwa na mikono ya watu. Kwetu sisi wa pwani, mikoko iko katikati ya hayo mawili, si bara wala si bahari.

Sasa tuje kwa swali la mwanafunzi. Je, msitu ni wa nani? Iko hadithi katika Abu Daud inayofundisha kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Wanazuoni wameeleza kwamba kuni za mwituni na mfano wake ambazo hakuna aliyezipanda, asili yake ni ya watu wote. Kwa hiyo mkata boriti ana fungu lake katika msitu. Hakuingia shambani kwa mtu. Hapo nilikosea nilipomfanya kama mwizi wa mbuzi.

Lakini fungu lina mipaka. Mnaikumbuka ile hadithi ya jahazi aliyoipokea Nu'man bin Bashir (R.A.), nayo imo katika Bukhari. Watu walipanda chombo, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini kila wakitaka maji walilazimika kupita kwa wa juu. Wakaona watoboe sehemu yao wenyewe ili wasiwaudhi wenzao. Mtume (S.A.W.) akafundisha kwamba wakiachwa wote wataangamia, na wakizuiwa wote wataokoka. Watoto wa wavuvi hawahitaji kufafanuliwa hadithi hii. Ila ninataka mtazame jambo moja ambalo tunalipita haraka: wale wa chini hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na kiu. Shida yao ilikuwa ya kweli. Basi wale wa juu wana wajibu wa kuwashika mikono wasitoboe, na nafikiri, wana wajibu pia wa kuwateremshia ndoo ya maji.

Haya ndiyo yaliyonipeleka kwa Sayyidna Umar (R.A.). Katika Uislamu iko sheria ya hima, yaani kiongozi kutenga ardhi na kuizuia kwa maslaha ya umma. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliufanya mji wa Madina kuwa haram, miti yake isikatwe na mnyama wake asiwindwe, na akatenga malisho ya Naqi'. Katika zama zake Umar alitenga malisho pahali palipoitwa Rabadha, kwa ajili ya wanyama wa swadaqa na wa jihadi. Mlinzi wa hima aliyemweka aliitwa Hunayy. Bukhari amepokea wasia aliopewa mlinzi huyu, nami naona inafaa kila askari wa msitu ausome.

Umar alimtaka Hunayy awe mpole kwa watu, na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwamuru amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingize wanyama wake. Kisha akawataja watu wawili matajiri wakubwa wa Madina, Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (R.A.), wote wawili wamebashiriwa Pepo, akasema hao asiwape nafasi hiyo. Kwa nini? Kwa sababu wanyama wao wakifa, wana mitende na mashamba ya kurudia. Lakini maskini wanyama wake wakifa atakuja mlangoni na watoto wake kumlilia Amirul Muuminin, na hapo itabidi apewe dhahabu na fedha. Maji na majani ni rahisi zaidi kuliko dhahabu. Na Umar alikiri pia kwamba wenyeji wa pale huenda wakaona wamedhulumiwa, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa yao.

Subhanallah. Huyu ni kiongozi aliyefunga msitu na huku akijua jina la atakayeumia.

Kwa hiyo jibu, ewe mwanafunzi wangu, ni hili. Kiongozi akiweka hima kwa maslaha ya wote, kuifuata ni wajibu. Mwenye kibali akakata kwa kiasi alichoruhusiwa, akaacha miti ya mbegu, riziki yake ni halali na jasho lake lina thawabu. Anayeingia usiku bila kibali akafyeka ili kujaza lori la tajiri, huyo anatoboa jahazi. Wa kwanza kuulizwa hapo ni mwenye lori. Na mlinzi anayefunga mlango kwa maskini akaufungua kwa mwenye pesa ameugeuza wasia wa Umar juu chini.

Boriti na wazee wetu

Isidhaniwe kuwa kukata mikoko ni jambo la leo. Majumba ya mawe ya Lamu, na misikiti mingi ya kale ya pwani yetu, dari zake zimebebwa na boriti. Vyumba vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba. Sababu yake ni boriti: upana wa chumba ulifuata urefu wa mti, ambao haupiti mita tatu hivi. Majahazi yalikuwa yakija na pepo za kaskazi kutoka Oman na Ghuba, yakaleta tende na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa na boriti, kwani kule hakuna miti ya kuezekea.

Wakoloni walitangaza mikoko yote kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Februari 2018 ukataji katika misitu ya umma ulisimamishwa nchi nzima. Kenya ina mikoko ya takriban hekta 61,000, na zaidi ya nusu iko Lamu, basi amri ile iliwakuta wakataji wa Lamu hawana kazi nyingine ya kushika. Sisemi amri ilikuwa ya bure. Misitu ilikuwa imeumizwa kweli. Nasema tu kwamba Hunayy angeuliza: na yule mwenye kondoo wachache atakula wapi?

Gazi, jirani zetu

Mwaka huu tuliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita na la saba Gazi, Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Ni Gazi ile ile ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Leo inajulikana ulimwenguni kwa mikoko.

Katika miaka ya 1970 msitu wa Gazi ulikatwa sana kwa kuni za kuchomea chokaa na matofali, sehemu nyingine zikabaki uwanja mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari walianza kupanda tena wakishirikiana na wanakijiji. Baadaye sheria ya misitu ya 2005, na ile ya 2016, zikazipa jamii haki ya kuunda vyama na kushirikiana na serikali kusimamia msitu. Ndipo Gazi na jirani zao wa Makongeni walipoanzisha mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu 2013 wanalinda hekta 117, katika ghuba yenye mikoko zaidi ya hekta 600, na kuuza uhifadhi wa takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kila mwaka. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa namna hiyo katika mikoko, na mwaka 2017 ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, wamefuata njia hiyo hiyo.

Wanafunzi wetu walipenda njia ya mbao ya akina mama wa Gazi, inayopita juu ya tope katikati ya msitu, ambayo wageni hulipia. Mimi nilipenda zaidi mambo mawili mengine. La kwanza, pesa za mradi zimeingia kwenye maji ya bomba na kwenye shule, na matumizi yake huamuliwa katika baraza la kijiji, watu wote wakisikia. La pili, walipanda mivinje nchi kavu ili watu wapate miti ya kujengea na kuni bila kurudi kwenye mikoko. Hiyo ndiyo ndoo ya maji niliyoisema.

Tuliporudi, mzazi mmoja alinisimamisha njiani. "Maalim, nasikia mmekwenda kufundishwa kuuza hewa. Hewa ya Mungu inauzwa?" Ni swali zuri, na sikutaka kurudia kosa langu la kujibu kwa haraka. Nilimweleza ninavyofahamu: hakuna anayefunga hewa kwenye chupa. Mnunuzi, ambaye mara nyingi yuko Ulaya, analipa ili watu wa Gazi wafanye kazi ya kulinda na kupanda, na kazi hiyo hupimwa na kuandikwa. Kwa ufahamu wangu hiyo iko karibu na ju'ala, yaani ujira anaowekewa mtu kwa kazi maalumu, kuliko biashara ya kitu kisichoshikika. Lakini hukumu yake nawaachia masheikh wetu. Yule mzazi aliongeza: "Na huyo mnunuzi anaacha kuchafua kwake, au anatulipa sisi ili aendelee?" Nikamwambia, hilo nalo ni la kuulizwa, na ni vizuri aulizwe na vijana wetu watakaosoma.

Kazi ya vijana

Ninawaona vijana wengi wakiitwa kwenye mazingira siku ya sherehe tu. Huvalishwa fulana, hupanda, hupigwa picha. Mwaka mzima hakuna anayewauliza kitu. Kijana hawezi kuwa mlinzi wa amana kwa siku moja. Kwa hiyo kuanzia mwaka huu madrasa yetu imepunguza miche na kuongeza masomo.

Somo la kwanza ni kalenda, na hapa mwanafunzi wa madrasa amemtangulia mwanafunzi mwingine yeyote, kwani yeye anajua mwezi umeandama lini. Maji ya bamvua huja mara mbili katika kila mwezi wa Kiislamu: mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baada yake. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, kiasi cha tarehe 7 au 8, na 22 au 23. Anayefunga Ayyamul Bidh, yaani tarehe 13, 14 na 15, anafunga maji yakielekea bamvua. Siku hizo hapa kwetu bahari hupwa mbali sana, kiasi cha saa nne asubuhi, na hujaa juu kabisa alasiri. Ukitaka kujua mchu wa nyuma hupata maji mara ngapi kwa mwezi, huhitaji kifaa, hesabu bamvua.

Somo la pili ni kupanda kwenyewe. Tunaokota mbegu zilizokomaa chini ya mti wa mama, hatuzichumi. Tunachomeka thuluthi moja ya mbegu topeni, ncha ikiwa chini na kikonyo juu, nafasi ya mita moja baina ya mmoja na mwingine. Na tunapanda pale tu ambapo mzee anayekumbuka ametuambia palikuwa na mti wa aina hiyo. Kama miche ya asili imeota yenyewe, hatupandi kitu. Tunazuia mbuzi, tunaondoa takataka za plastiki, tunaiacha.

Somo la tatu ni daftari. Kila darasa lina kipande chake, hatua 20 kwa 20. Kila bamvua ya mwezi mpevu wanafunzi wanahesabu: mingapi hai, mingapi imekufa, vipo visiki vipya vingapi. Kisiki kipya kinaandikwa tarehe na unene wake, lakini hatuandiki jina la mtu. Jambo hili tulibishana sana katika kikao cha walimu. Wengine walitaka watoto waripoti. Mimi nilikataa, nikiwa namkumbuka mtoto aliyekataa chakula cha baba yake. Watoto wanahesabu miti. Mashauri ya wakataji ni ya wazee na chama cha msitu, na hapo wazazi wangu nawaomba mwende, kwa sababu vyama hivi vikiachiwa watu watatu, mlango utafunguliwa kwa mwenye lori.

Mpaka sasa tumepanda miche 90 tu kando ya hori. Hesabu ya mwisho ilikuta 71 hai. Visiki vipya vilikuwa vinne.

Safari ijayo ni tarehe 16 Mfunguo Pili, in sha Allah. Maji yatakuwa yamepwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kwa hivyo tuondoke mapema, turudi kabla ya Adhuhuri. Viatu vya kufunga, kwani mizizi ya mchu huchoma. Wasichana watakuwa na ustadhat wao upande wa mkandaa. Anayeshika daftari ni yule mwanafunzi aliyeniuliza swali, sasa yuko darasa la sita. Baba yake ndiye atakayetuonyesha njia.

Wabillahi tawfiq.